Kitunguu Saumu: Zao Linalosafiri kwa Mkono

Kabla hatujaanza, hebu inuka uende jikoni ukachukue kichwa kimoja cha kitunguu saumu. Kama huna, azima kwa jirani. Umekipata? Haya, kibandue maganda ya juu, zitenge punje zake uzihesabu. Huenda zikawa nane, kumi, au kumi na mbili. Sasa tafuta mbegu humo ndani.

Hutaiona. Mahindi yana mbegu, maharage yana mbegu, na hata kitunguu maji, ambaye ni ndugu wa damu wa huyu, hutoa ua jeupe lenye mbegu ndogo nyeusi. Kitunguu saumu hakina. Mara nyingi hakitoi ua kabisa, na likitoka hunyauka bila kuzaa mbegu iliyo hai. Tunachokipanda ni punje, yaani kipande cha mwili wa kitunguu chenyewe. Basi kichwa ulichokishika ni kipande cha kitunguu cha mwaka jana, nacho kilikuwa kipande cha kitunguu cha mwaka juzi, na kurudi nyuma hivyo hivyo, mkono kwa mkono, kwa maelfu ya miaka. Hakuna mwaka uliorukwa. Maharage unaweza kuyafungia ndani ya debe miaka miwili ukayapanda na yakaota. Saumu haingoji. Usipoipanda msimu wake, inakauka ndani ya ganda au inachipua darini na kufa, na ukoo wake umekwisha.

Ndiyo maana leo nataka tuzungumze historia ya zao hili. Najua wengine mtasema, Bwana Shamba, historia ya nini, tuambie mbolea. Mbolea tutafika. Lakini kwa kitunguu saumu historia na mbegu ni kitu kimoja, na ukoo wa saumu ya kienyeji katika bustani nyingi za huku kwetu, kuanzia Iyunga mpaka vijiji vya Iringa, uko karibu kukatika tukiwa tunautazama.

Asili ya kitunguu saumu ni milima ya Asia ya Kati, ile milima iitwayo Tian Shan, ambayo leo imegawanyika kati ya Kazakhstan, Kyrgyzstan na Uchina. Huko majira ya baridi ni makali, theluji inalala juu ya ardhi, kisha kinakuja kiangazi kifupi chenye siku ndefu. Mmea ulijifunza kujificha chini ya udongo wakati wa baridi na kuvimba kichwa kabla ardhi haijakauka. Tabia hiyo haujaiacha hata leo, na ndugu mkulima, ikumbuke, kwa sababu itatuhusu sana mbele. Katika miaka ya 1980 mtaalamu mmoja wa Kijapani, Etoh, alikwenda kutafuta huko Asia ya Kati akapata aina chache za saumu ambazo bado zinaweza kuzaa mbegu. Huku nje, kwa wakulima wa dunia nzima, uwezo huo ulikwisha potea zamani. Binadamu alizoea kupanda punje, na mmea nao ukazoea kubebwa.

Kutoka huko saumu ilibebwa kila upande. Misri iliifika mapema sana. Mwaka 1922, Mwingereza Howard Carter alipofungua kaburi la mfalme Tutankhamun, aliyefariki zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, humo ndani kati ya dhahabu na vitu vya thamani kulikuwa na vichwa vya kitunguu saumu vilivyokauka. Mfalme mzima, na saumu yake pembeni! Naye Herodotus, Mgiriki aliyetembelea Misri karne ya 5 kabla ya Kristo, aliandika kwamba alisomewa maandishi kwenye piramidi kubwa yaliyosema kuwa wafanyakazi wa ujenzi walilishwa figili, vitunguu na saumu kwa gharama ya talanta 1,600 za fedha. Kama hesabu ile ilikuwa sahihi au mkalimani alimtania mgeni wake, ni jambo jingine. Ninyi mnaosoma Biblia mnajua pia kitabu cha Hesabu, sura ya 11: Waisraeli wako jangwani, wanalia kwa kukumbuka walivyovila Misri, na saumu imo katika orodha ya kilio chao. Na Waislamu wanayajua mafundisho ya Mtume kwamba aliyekula saumu mbichi asiende msikitini kuwakera wenzake kwa harufu. Zao linalotajwa hivyo si zao la pembeni. Lilikuwa katika kila jiko.

Kuja kwetu lilipitia baharini. Majahazi ya Arabuni, Ghuba na Bara Hindi yalishuka na upepo wa kaskazi na kurudi na kusi, na katika mizigo ile mlikuwa na viungo vya jikoni. Ushahidi tunao midomoni mwetu. Jina hili, saumu, halina uhusiano wowote na saumu ya kufunga mwezi wa Ramadhani, ingawa wengi wanadhani hivyo. Ile ya kufunga inatoka katika neno la Kiarabu sawm. Hii ya kitunguu inatoka katika neno jingine la Kiarabu, thum. Watu wa pwani mpaka leo wanasema kitunguu thomu, wakitoa ncha ya ulimi nje. Sisi wa bara ulimi wetu mzito. Kama tunavyosema semanini badala ya themanini, ndivyo thumu ilivyogeuka saumu ikaangukia juu ya neno lililokwisha kuwapo. Kwa hiyo ukisikia mtu anasema eti saumu inaitwa hivyo kwa kuwa huliwa wakati wa kufuturu, mwambie kwa upole.

Karne ya 19 misafara ya biashara ilitoka Bagamoyo mpaka Unyanyembe, pale Tabora ya leo, na Ujiji. Waarabu waliojenga huko hawakutaka kula vya wenyeji tu. Walikuwa na bustani zao kando ya nyumba, wakapanda ngano na vitunguu. Baadaye zikaja misheni na mashamba ya walowezi, na kila mgeni alikuja na mdomo wake na bustani yake. Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891, na wamisionari wengine wakajenga Tosamaganga karibu na Iringa kabla karne ile haijaisha. Nyanda zetu za juu, zenye baridi, zilifaa kwa mboga walizozizoea. Hivyo ndivyo mazao mengi ya bustani yalivyoenea huku: mtu anafanya kazi jikoni au bustanini kwa mgeni, jioni anaondoka na punje tatu mfukoni, anazipanda nyuma ya nyumba.

Sasa ukienda kutafuta historia hiyo katika mafaili ya kilimo utachoka bure. Saumu haikuandikwa. Yaliyoandikwa ni pareto, kahawa, chai, tumbaku, na juu ya yote mahindi. Mwezi Mei mwaka 1972 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa ikatoa tamko lile la Siasa ni Kilimo. Lilikuwa tamko zuri, na lilitaja mambo ambayo mpaka leo tunayarudia: samadi, nafasi kati ya mimea, mbegu bora, palizi ya mapema. Baadaye mikoa ya Iringa, Mbeya, Ruvuma na Rukwa ikajulikana kama mikoa minne mikubwa ya mahindi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 nchi za Nordic zilisaidia kukijenga kituo cha kilimo cha Uyole, ambacho leo ni TARI Uyole. Taja Uyole kwa mkulima mzee wa Mbeya, atakukumbusha maharage ya Uyole 84. Yote hayo ni kazi ya kujivunia. Lakini wakati wataalamu walipokuwa shambani na baba wakipima mistari ya mahindi, mama alikuwa nyuma ya nyumba na tuta lake la saumu, na hakuna aliyekwenda na kalamu. Sisi maofisa wa kilimo tulilihesabu zao la jikoni kuwa si zao. Mimi nasema hilo lilikuwa kosa letu, na tunaendelea kulilipa.

Wenzetu wa kaskazini walituacha hapo. Huko Mbulu na katika nyanda za juu za Babati, mkoani Manyara, saumu ilitoka nyuma ya nyumba ikaingia shambani, ikawa zao la fedha la kusomeshea watoto. Udongo wao una rutuba na baridi wanayo, lakini na sisi tunayo. Huku Mbeya, Iringa na Njombe saumu inalimwa, ila kwa wengi imebaki ya tuta moja mawili.

Halafu kuna jambo linalonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Ndugu msomaji wa Iyunga, wewe unaisikia treni ya TAZARA ikipita. Reli ile, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, ilianza kujengwa mwaka 1970 na ikakabidhiwa Julai 1976. Wachina walioijenga walikaa katika kambi njiani, na wazee wanaokumbuka kambi zile watakwambia jambo moja kabla ya jingine lolote: Wachina walilima. Popote walipopiga kambi walitengeneza matuta ya mboga, wakayamwagilia, wakala vya kwao. Vijana wetu waliofanya kazi nao waliona kwa macho kwamba bustani ndogo yaweza kulisha watu wengi.

Miaka ikapita, biashara ya nje ikaachiwa huru kuanzia miaka ya 1980, na sasa nenda Mwanjelwa ukatazame. Vile vichwa vikubwa vyeupe, vilivyopangwa ndani ya nyavu, maganda safi kama yamefuliwa, vimetoka Uchina. Vimepita baharini, vimeshuka bandarini Dar es Salaam, vimepanda malori mpaka huku, na bado vinauzwa karibu sawa na saumu iliyochimbwa huku kwetu. Uchina peke yake inatoa kama robo tatu ya saumu yote ya dunia, na wilaya yake ya Jinxiang, katika jimbo la Shandong, ndiyo makao makuu ya zao hilo. Si sisi tu tuliotikiswa. Mwaka 1994 Marekani iliiwekea saumu ya Uchina ushuru wa asilimia 376.67, ili wakulima wake wapumue. Mwaka 2000 Korea ya Kusini ilipandisha ushuru mpaka asilimia 315. Uchina ikajibu kwa kukataa kununua simu za mkononi za Korea, na Wakorea wakarudi mezani kuzungumza haraka sana. Simu na saumu, bwana! Usiseme tena kwamba hiki ni kiungo tu.

Bei ya sokoni si kazi ya kipindi hiki. Ninachotaka kukuonyesha ni kile kinachotokea mkulima anapoviona vichwa vile vikubwa, akavutiwa, akavinunua na kuvipanda.

Nakijua vizuri kwa sababu nilikifanya mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kazini nilipewa kiwanja kidogo cha bustani. Mimi, mwenye cheti changu, nikaenda sokoni nikachagua saumu kubwa kuliko zote. Nikasema, si tunafundishwa mbegu bora? Nikapanda mwezi Aprili, nikatia samadi, nikamwagilia. Iliota vizuri ajabu. Majani ya kijani, marefu, majirani wakaja kutazama. Mwezi Septemba nikachimba. Chini hapakuwa na kichwa. Palikuwa na shina nene kidogo, mviringo, bila punje, kama kitunguu cha majani. Tuta zima! Nikakaa chini pale pale.

Mama mmoja jirani, mtu mzima, alikuwa ananitazama kutoka kwake siku zote hizo bila kusema neno. Siku ile akaja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole, Bwana Shamba. Nilijua."

"Sasa mama, mbona hukuniambia?"

"Wewe ndiye msomi. Mimi ningeanzaje?"

Kisha akanichukua mpaka jikoni kwake. Juu ya meko, kwenye kichanja, zilining'inia saumu zilizofungwa kwa majani yake, mafungu mafungu. Vichwa si vikubwa. Maganda yana michirizi ya zambarau. Akavunja kimoja, harufu ikajaa nyumba nzima. Aliniambia alizipata kwa mama mkwe wake alipoolewa, na mama mkwe naye alizikuta kwa wa kwake. Hakuwahi kununua mbegu.

Nilirudi kwenye vitabu vyangu nikiwa na adabu zaidi, na jibu lilikuwamo. Kumbuka ile tabia ya milima ya Asia. Saumu inahitaji ishara mbili ili ivimbe kichwa: baridi, na urefu wa siku. Aina zilizozoea kaskazini ya dunia, kama za Shandong, hupandwa Oktoba, hulala katika baridi ya miezi mingi, na huvimba siku zinaporefuka kupita saa 13 na 14. Sasa Iyunga iko karibu nyuzi 9 kusini mwa Ikweta. Siku yetu ndefu kuliko zote, Desemba, ni kama saa 12 na dakika 40, na mwezi Juni, wakati wa baridi yetu, siku ndiyo fupi kabisa. Saumu ya kigeni inangoja ishara ambayo huku haiji, inangoja na kungoja, inatoa majani tu. Saumu ya yule mama imekwisha zoea. Katika miaka yote ile ya kubebwa mkono kwa mkono, zilizoshindwa kuvimba huku hazikupata mtu wa kuzipanda tena. Zilizobaki ni zile zinazoridhika na siku zetu fupi na baridi ya Mbeya ya Juni na Julai. Kazi hiyo hakuifanya mtaalamu yeyote. Waliifanya akina mama.

Lakini yule mama alikuwa na tatizo lake, akanieleza. Zamani, alisema, vichwa vilijaa kiganja. Sasa kila mwaka vinapungua. Nikamwuliza anachagua vipi vya kupanda. Akajibu bila kusita, vikubwa anapeleka sokoni, vya kati anapikia, vile vidogo vilivyobaki kwenye kichanja ndivyo anavyopanda.

Ndugu mkulima, najua na wewe unafanya hivyo hivyo. Karibu kila mtu anafanya hivyo. Na kwa zao lisilo na mbegu maana yake ni kwamba kila mwaka unauza wazazi wenye afya na kuwalea wagonjwa. Saumu hubeba virusi ndani ya mwili wake, na kwa kuwa punje ni kipande cha mwili, ugonjwa wa mama unakwenda moja kwa moja kwa mtoto. Mmea wenye virusi vingi hutoa kichwa kidogo. Ukipanda kidogo, unapanda ugonjwa. Miaka ishirini ya namna hiyo inatosha kuua ukoo uliodumu miaka mia.

Basi tugeuze. Siku ya kuvuna, kabla mnunuzi hajafika na kabla chungu hakijainjikwa, tenga vichwa vikubwa, vigumu, visivyo na doa, kutoka katika mimea ambayo majani yake hayakuwa na mistari ya njano wakati wa kukua. Vifunge peke yake na uviweke alama ya kitambaa. Hivyo ni vya mbegu na haviliwi hata akija mgeni. Fanya hesabu uone: kichwa kimoja chenye punje 10 kitakupa vichwa 10 msimu wa kwanza. Ukivipanda vyote ni vichwa 100 msimu wa pili, na 1,000 msimu wa tatu. Ukipata vichwa vitano tu vizuri kwa jirani, huhitaji mkopo wa mtu. Kwa shamba la ekari moja utahitaji kama kilo 200 mpaka 300 za mbegu, nazo ni fedha nyingi kuzinunua. Ni afadhali uzizalishe mwenyewe polepole.

Jambo jingine linalonitia hofu kuliko hata ukubwa wa vichwa ni uozo mweupe. Huu ni ugonjwa wa ukungu unaokaa katika udongo. Mmea hugeuka njano, ukiung'oa mizizi imeoza, na kitako kina ukungu mweupe kama pamba, wenye vijitone vyeusi vidogo kama chembe za haradali. Vijitone hivyo hukaa udongoni zaidi ya miaka 20 vikingoja mmea wa jamii ya vitunguu. Ugonjwa hupenda udongo wa baridi, yaani nyanda kama zetu, na Ethiopia, ambako saumu hulimwa sana, umewatesa wakulima vibaya. Unasafiri kwa mbegu, kwa udongo ulioshikamana na jembe, na kwa kwato za ng'ombe. Kwa hiyo punje uliyookota sokoni usiyojua ilikotoka yaweza kukuharibia bustani mpaka mtoto wako wa leo awe na mtoto wake. Ukiona dalili hizo, ng'oa mmea na udongo wake, ufukie mbali au uchome, usitupe kwenye lundo la mboji, na mahali pale usirudishe saumu wala kitunguu maji.

Sasa kupanda kwenyewe, kwa ufupi maana mengi unayajua. Huku kwetu mvua huanza Novemba na kuisha Aprili au mwanzo wa Mei. Panda Machi mpaka Aprili, ili mvua za mwisho ziotushe, kipupwe cha Juni na Julai kikute mmea una majani ya kutosha, na kuvuna kuangukie Agosti au Septemba wakati jua ni kavu. Tuta liwe la udongo tifutifu usiotuamisha maji, lenye samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi huleta uozo. Tenganisha punje siku ile ile ya kupanda. Zikalishe kitako chini na ncha juu, kina cha sentimeta 3 mpaka 5, sentimeta 10 kati ya punje na 20 kati ya mistari. Majani ya saumu ni membamba, hayafuniki ardhi, hivyo magugu ni adui mkubwa. Palilia kwa mkono, bila kukata mizizi ya juu juu.

Maji ya kiangazi ndipo penye ugomvi. Majirani zetu wa Iringa na Njombe wana ustadi wa siku nyingi wa vinyungu, yale matuta ya mabondeni yanayolimwa kwa unyevu wakati mvua zimekwisha, na saumu inakubali vizuri humo ikiwa tuta limeinuliwa. Lakini Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji, na familia nyingi zilizokuwa na vinyungu zimejikuta upande usiofaa wa mstari huo. Nawaelewa wanaonung'unika. Naijua pia mito iliyokauka. Kwa saumu kuna nafuu moja: haihitaji bonde. Tuta la mita 1 kwa mita 10 nyuma ya nyumba hubeba mimea karibu 500, na ndoo chache za maji mara moja au mbili kwa wiki, pamoja na matandazo ya nyasi kavu, zinatosha.

Wiki mbili au tatu kabla ya kuvuna, acha kumwagilia. Majani ya chini yakishakauka na yale ya juu matano au sita yangali kijani, chimba kimoja utazame. Kama punje zimejitenga na ganda ni gumu, vuna siku ya jua. Usivute kwa nguvu. Inua kwa uma wa shamba au jembe. Usioshe. Usianike juani, maana jua linaipika saumu. Itandaze kivulini penye upepo wiki mbili hadi tatu na majani yake, kisha suka au funga mafungu na uning'inize. Juu ya meko panafaa kama moshi ni wa kiasi. Saumu iliyokaushwa hivyo itakaa miezi mitano, sita, na aina nyingine mpaka msimu wa kupanda.

Na kula? Hapa ndipo utajua tofauti ya ya kwako na ya kwenye nyavu. Mwaka 1944 mkemia wa Marekani, Chester Cavallito, pamoja na mwenzake walitenga kile kinachoipa saumu ukali wake, wakakiita alisini. Ajabu yake ni kwamba ndani ya punje nzima alisini haimo. Vitu viwili vimekaa vyumba tofauti, na ukiiponda ndipo vinakutana na kuizaa. Ndiyo maana punje nzima hainuki. Basi ponda kwenye kinu, ngoja dakika kama kumi, ndipo utie kwenye mafuta yasiyo ya moto mno. Saumu ikiungua huwa chungu. Kwa maharage ya Mbeya tia nusu mwanzoni na nusu unapoepua. Na siku ya baridi, fukia kichwa kizima katika majivu ya moto robo saa, kisha kamua punje juu ya kiazi kilichochemshwa, na chumvi kidogo. Punje inakuwa laini na tamu kama si ile.

Wengi mtakumbuka mwaka 2020, wakati wa korona, saumu, tangawizi na malimau vilivyopanda bei, kila nyumba inajifukiza nyungu. Shirika la Afya Duniani lilisema wakati ule kwamba saumu ni chakula kizuri lakini hapakuwa na ushahidi kuwa inakinga ugonjwa ule. Nami nasema hivyo hivyo kwa magonjwa mengine: ile kwa afya na utamu, ukiugua nenda zahanati. Waliofaidika mwaka ule ni wale waliokuwa na mafungu kwenye kichanja.

Yule mama wa Iyunga alinipa vichwa sita siku ile, vikubwa alivyokuwa navyo, ingawa nilimwambia vitano vinatosha. Nilitaka kulipa, akakataa. Akasema mbegu ya saumu kwao haiuzwi kwa mtu wa kwanza. Unapewa, na wewe utampa mwingine. Nilizipanda Machi iliyofuata kwenye tuta lile lile lililoniaibisha, nikampelekea vichwa kumi vya kwanza nilivyochimba. Alivigeuza mkononi kimoja kimoja, akatenga vinne vikubwa, akavitundika pembeni, na kuvifunga kitambaa chekundu.